Sura ya Tano: Santuri Inapokwama

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ikikwama, kipande kinachojirudia huchukua sekunde moja na theluthi. Ile kubwa ya mizunguko 33 na theluthi hujirudia kila baada ya sekunde 1.8, na zile nzito za zamani za mizunguko 78 hujirudia kabla sekunde moja haijatimia. Kupima hivi hakuhitaji zaidi ya saa ya simu. Marudio yakifuata kipimo hicho barabara, kosa limo kwenye santuri yenyewe: kuna mahali sindano inafika, inasukumwa, inarudi kwenye mzunguko ilioutoka. Lakini mkwamo ukitokea sasa hapa na baadaye pale, au ukija watu wanapocheza na kutoweka ukumbi unapotulia, santuri haina hatia. Hapo kagua mashine, meza, umeme na mkono wa DJ.

Naanza na kipimo hiki kwa sababu santuri nyingi zimehukumiwa bila kusikilizwa. Neno moja likijirudia mara kumi, mwenye nayo huinua sindano kwa hasira, huitia santuri kwenye boksi, na boksi huishia stoo, juu ya dari, au jalalani. Masasi na Newala, huku kusini mwa Tanzania, haziwezi kumudu upotevu huo. Huku santuri zilifika kwa shida, zikabaki chache, na nyingi kati ya zinazosemwa kuwa zimekufa zina ugonjwa unaotibika kwa maji, kitambaa na subira.

Kwanza tuelewe kinachokwama. Upande mmoja wa santuri una mfereji mmoja tu, unaoanzia ukingoni na kujizungusha hadi karibu na lebo. Wimbo wa dakika tatu kwenye santuri ya 45 ni mizunguko 135. Ukiunyoosha mfereji wake unapata karibu mita 60. Upande wa santuri kubwa wenye dakika 22 unapita mita 450. Kuta za mfereji huo zimechongwa mawimbi, na ncha ya sindano, ambayo kwenye mashine nyingi za leo ina nusukipenyo cha kama sehemu 18 za elfu moja za milimita, hupita katikati ikitikiswa na mawimbi hayo. Mtikisiko huo ndio gitaa, ngoma na sauti ya mwimbaji. Aliyewahi kuendesha baiskeli kwenye njia ya mchanga anajua habari hii: gurudumu likishaingia kwenye mkondo uliochimbwa na magurudumu yaliyotangulia, linafuata mkondo huo, na jiwe dogo au mkwaruzo wa pembeni unatosha kulitupa kwenye mkondo wa jirani. Sindano ikitupwa mbele, wimbo unaruka. Ikitupwa nyuma, wimbo unakwama.

Huo ni mkwamo wa aina ya kwanza, na unamhusu kila mwenye santuri. Upo wa pili, unaowahusu ma-DJ peke yao: santuri inagoma kuteleza chini ya vidole. DJ anataka kuizuia santuri kwa mkono huku mashine ikiendelea kuzunguka chini yake, airudishe nyuma kidogo, kisha aiachie pale pale anapotaka mdundo uanze. Badala ya kuteleza, santuri inang'ang'ania sinia la mashine, mota inalemewa, na wimbo unaanza kwa sauti ya kuvutika. Aina hizi mbili za mkwamo zina sababu tofauti na dawa tofauti, na kuzichanganya kumeharibu vitu vingi. Mtu ambaye santuri yake haitelezi huongeza uzito wa sindano, jambo lisilohusiana kabisa, na kwa usiku mmoja anaikwangua santuri kwa kiasi ambacho ingekwanguka kwa miaka.

Mambo ya sindano na mfereji yalifika huku kusini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1906, moto wa vita vya Maji Maji ukiwa haujapoa na misheni ya Masasi ikiwa imechomwa mwaka mmoja kabla, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipanda kutoka Lindi hadi Masasi, Chingulungulu na Newala. Katika mizigo yake kulikuwa na kamera ya sinema na fonografu yenye mitungi ya nta. Watu waliimba mbele ya pembe, na sindano ikachora sauti zao kwenye nta. Nta ni kitu dhaifu: hulainika kwa joto, na kila inapochezwa sindano hula sehemu ya sauti. Kwa sababu hiyo hazina ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ilikuwa ikitengeneza kalibu za shaba kutokana na mitungi ya namna hii ili nakala zipatikane bila kuimaliza ile ya asili. Rekodi za Weule zimo katika hazina hiyo, ambayo mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Watu waliohifadhi sauti za Newala walijua tangu mwanzo kwamba kucheza na kuchakaa ni kitendo kimoja. DJ anayeshika santuri leo anapaswa kulijua hilo kabla ya kujua jingine lolote.

Baada ya nta zikaja santuri za mizunguko 78, ambazo Waswahili wengi walizifahamu kwa sauti ya Siti binti Saad, aliyevuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa. Santuri hizo hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa utomvu wa mdudu wa India uliochanganywa na unga wa mawe. Ukikutana nazo utazitambua: ni nzito, zinalia kama kigae ukizigonga, na zikianguka zinavunjika. Nina maonyo mawili tu kuzihusu, nayo ni makali. Usizifute kwa spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha utomvu huo na mfereji wenyewe hufutika. Na usizipige kwa sindano nyembamba ya santuri za plastiki. Mfereji wa 78 ni mpana, kwa hiyo sindano nyembamba huzama hadi chini, huserereka kwenye uchafu, huruka na kukwama ovyo, na mtu hudhani santuri imeoza wakati kosa ni lake.

Mali halisi ya maboksi ya kusini, hata hivyo, ni santuri ndogo za 45. Bendi zetu zilipochanua katika miaka ya 1960 na 1970, Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wanamuziki kwenye kanda na kuwapiga hewani, lakini bendi iliyotaka kuuza santuri ilitazama Nairobi. Nuta Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz: santuri zao zilifyatuliwa Kenya, kisha zikarudi Tanzania kwa reli, kwa basi, kwa begi la msafiri. Kutoka Dar es Salaam hadi Masasi ilikuwa safari nyingine, na wakati wa masika barabara ya kusini ilifunga kwa matope. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Katikati ya kipindi hicho, Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa nyota wa Morogoro Jazz, akafariki kwa ajali ya gari huko huko Kenya. Kwa hiyo santuri iliyolala Masasi tangu wakati ule imepita njia ndefu, na nakala ya pili si kitu cha kwenda kununua Kariakoo.

Wamakonde, Wamakua na Wayao hufuata ukoo wa upande wa mama, na mjomba ana neno zito katika mambo ya nyumba. Boksi la santuri huku ni la mjomba: mwalimu, tabibu, karani wa chama cha ushirika, mtu aliyekuwa na mshahara na betri za kuendeshea pleya. Anayelirithi ni mpwa, na siku hizi mpwa huyo huenda ni kijana anayepiga muziki kwenye harusi kwa kompyuta ndogo, ambaye anataka kuzitia santuri za mjomba kwenye kazi yake. Sura hii nimeiandika kwa ajili yake.

Kijana huyo ajifunze kusoma majira kabla ya kusoma mashine. Kusini mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni kiangazi. Magonjwa ya santuri yanafuata mgawanyo huo kwa uaminifu wa kushangaza.

Kiangazi huja na vumbi jekundu, na vumbi hilo lina mchanga mgumu kiasi cha kukwangua plastiki. Juu yake huja salfa. Mikorosho inapochipua na kutoa maua, wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba huipulizia unga wa salfa dhidi ya ubwiri unga, na kwa wiki kadhaa unga huo wa manjano huonekana kwenye majani, kwenye mabati, kwenye nguo zilizoanikwa. Unaingia pia kwenye maboksi. Salfa haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kufuta santuri kwa kitambaa kilicholowa kunaihamisha tu kutoka mfereji huu hadi ule. Tena inapenda kushika chaji. Otto von Guericke, Mjerumani wa karne ya 17, alitengeneza tufe la salfa akalisugua kwa mkono, na likawa moja ya vyombo vya kwanza vya kuzalisha umeme tuli. Plastiki ya santuri nayo hushika chaji upesi ikisuguliwa hewa ikiwa kavu. Weka vitu hivi pamoja mwezi wa Agosti, halafu mpe mtu kitambaa cha nailoni afute santuri yake kwa nguvu: ataitia chaji, na vumbi lote la chumba litaikimbilia. Atafuta tena, na litaongezeka.

Umeme tuli huo huo ndio unaoleta ule mkwamo wa pili kiangazi. Kitambaa cha kutelezea, kile cha mviringo kinachowekwa kati ya santuri na sinia, hunata kwenye santuri na kuinuka nayo DJ anapoibadilisha. Akiirudisha, kitambaa kimekaa upande na santuri inayumba.

Masika yakifika mambo yanageuka. Chaji hupungua, unyevu unaingia. Majalada ya karatasi hunywa maji ya hewani, na ukungu huota kwenye mfereji kwa madoa meupe au ya kijivu. Sindano ikiyapitia hutoa mlio wa mchanga unaomwagika, na pale ukungu ulipojikusanya hukwama. Kitambaa cha kutelezea nacho hunyonya unyevu, kinakuwa kizito na kizembe, kinashika sinia badala ya kuliacha lizunguke. DJ anayelalamika Februari kwamba santuri zake hazitelezi na DJ anayelalamika Agosti wana malalamiko yanayofanana na matatizo yanayotofautiana kabisa.

Dawa ya uchafu ni kuosha, na katika kuosha Uwanda wa Juu wa Makonde una bahati moja iliyotokana na dhiki. Juu ya uwanda hakuna mito. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani, na nyumba nyingi zilijifunza kukinga mvua ya paa kwenye matangi. Maji ya mvua ndiyo yanayofaa santuri, kwa kuwa hayana chokaa na chumvi ambazo maji ya visima vingi huacha mfereji unapokauka. Usikinge mvua za kwanza, maana hizo huosha paa na salfa yake. Subiri Januari au Februari, kinga kwenye chombo kisafi, yachuje kwa kitambaa kizito cha pamba, kisha yaweke kwenye chupa iliyofungwa.

Chukua maji hayo ya uvuguvugu mdogo, tia matone mawili ya sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, na utumie kipande cha khanga kuukuu kilichokwisha kulainika kwa kufuliwa. Laza santuri juu ya taulo. Funika lebo kwa mfuniko wa kopo au kwa kiganja, kwa sababu lebo ikilowa inabanduka na pamoja nayo hupotea jina la bendi, la wimbo na namba ya toleo. Futa kwa kuzunguka, ukifuata mfereji, kamwe usikate kutoka ukingoni kwenda katikati. Suuza kwa maji ya mvua yasiyo na sabuni hadi povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki hukauka na kuwa uchafu mpya. Kisha isimamishe kivulini. Nasisitiza kivulini: plastiki ya santuri huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 na kitu, na bati lililopigwa jua la Oktoba au gari lililofungwa vioo hufika huko bila taabu. Santuri iliyojikunja hainyooki tena kwa urahisi. Ile mbinu ya kuibana kati ya vioo viwili na kuianika juani siipendekezi kwa mtu yeyote wa Masasi, kwa kuwa jua letu halina kipimo. Ilaze kati ya vitabu vizito mahali penye ubaridi kwa wiki nyingi, na upokee nafuu utakayopata.

Baada ya kuosha, sehemu kubwa ya mikwamo hutoweka. Inayobaki ni ya mkwaruzo. Hapa kuna ufundi ambao mafundi wazee wa redio waliujua na unafaa kuendelezwa. Tafuta mahali penyewe kwa kusikiliza, kisha zima mota na uzungushe sinia kwa kidole, polepole, sindano ikiwa ndani ya mfereji. Inapokaribia mkwaruzo, mguse mkono wa mashine pembeni kwa wepesi wa unyoya kuelekea upande ambao wimbo unapaswa kwenda. Rudia mara kadhaa, mbele na nyuma. Mara nyingi kinachoizuia sindano ni kipande cha plastiki kilichoinuka ukingoni mwa mkwaruzo, na sindano yenyewe hukilaza au kukiondoa. Ikishindikana, tumia kioo cha kukuzia na kijiti cha meno kilichochongwa vizuri kufuata mfereji pale palipoziba. Pini ya chuma iache mahali pake. Utasikia mlio mdogo daima unapopita hapo, na huo ni wa kuvumilia.

Kuna dawa moja inayopendwa ambayo naipinga kwa moyo wote: sarafu juu ya kichwa cha sindano. Ni kweli inafanya kazi. Sindano inalemewa, inapita mkwaruzo kwa nguvu, na sherehe inaendelea. Lakini sindano za ma-DJ zimeundwa kubeba gramu tatu au nne, na za kusikilizia nyumbani kama mbili, na uzito huo hutua kwenye ncha ndogo kuliko jicho linavyoona. Ukiongeza sarafu unalima kuta za mfereji, na sauti za juu, zile za matoazi na za gitaa la kwanza, zinaondoka kwanza na hazirudi. Wenye mashine iliyo na kizani cha nyuma wapime: mkono uelee kwanza bila kupanda wala kushuka, ndipo uongeze gramu kwa kufuata alama. Wasio na kizani waichunguze ncha. Uzi wa vumbi uliojifunga kwenye sindano huiinua kutoka mfereji, na hapo inaserereka juu ya santuri kana kwamba haina uzito. Isugue kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, upande ule ule santuri inaoelekea, na usiisukume kinyume.

Sasa turudi kwa DJ na santuri yake isiyoteleza. Ufundi wa kuizuia santuri kwa mkono ulikomaa New York, mtaani Bronx, ambako Kool Herc, kijana kutoka Jamaika, aliwapigia watu muziki Agosti 1973 kwa santuri mbili zinazopokezana. Mwenzake Grandmaster Flash alikumbana na tatizo hili hili. Mashine zilikuja na mkeka wa mpira uliokusudiwa kuing'ang'anisha santuri, naye alitaka iteleze. Mama yake alikuwa mshonaji. Flash alichukua felti, akaikata kwa ukubwa wa santuri, akaipulizia wanga wa kupigia pasi na kuinyoosha hadi ikawa ngumu na laini. Basi.

Wanga si kitu cha kuagiza kutoka Marekani mtu akiwa Newala, penye muhogo kila shamba. Kwangua muhogo mbichi, ukamue ndani ya maji, acha maji yatulie, mwaga ya juu, na unga mweupe uliobaki chini ndio huo huo uliokuwa ukitiwa kwenye kola za mashati. Upike mwepesi sana, lowesha kitambaa cha felti au cha pamba iliyofumwa kwa kubana, kikauke nusu, kisha kipige pasi ya moto pande zote mbili. Kitateleza kiangazi. Masika kirudie kupigwa pasi kabla ya kila kazi, maana wanga hunywa unyevu. Chini ya kitambaa weka duara la nailoni laini iliyokatwa kutoka jalada la ndani la santuri. Kabla ya yote hayo, toa mkeka wa mpira. Nimeona watu wakihangaika na kila kitu huku mkeka ule umelala palepale.

Halafu tazama tundu. Kijiti cha katikati cha mashine kina upana wa milimita saba na kidogo, na tundu la santuri limeachiwa nafasi ndogo mno kuzidi hapo. Santuri nyingine zilifyatuliwa na tundu la kubana, na hizo hukataa kuteleza hata ukiwa na kitambaa bora duniani, kwa kuwa zimeshikwa kiunoni. Zungushia penseli msasa laini kabisa, uipitishe kwenye tundu mara mbili tatu kwa kuzungusha, ujaribu, uongeze. Ukizidisha, santuri itacheza nje ya kitovu chake na sauti itapanda na kushuka kila mzunguko. Zile za 45 zenye tundu kubwa huhitaji kizibo kinachokaa sawasawa, na kizibo kilichochongwa kwa kisu mara nyingi ndicho chanzo cha kuyumba huko.

Mashine yenyewe nitaisemea kwa ufupi. Ma-DJ wa dunia nzima waliipenda Technics SL-1200, iliyotoka 1972 na kuboreshwa 1979, kwa sababu mota yake inazungusha sinia moja kwa moja, hivyo mkono ukiizuia santuri sinia halisimami. Mashine za nyumbani za ukanda hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Mpira wa ukanda uliokaa miaka ndani ya joto letu hulainika na kunata, na sinia linalozunguka kwa kusuasua ni dalili yake. Futa masalia kwa spiriti, tia ukanda mpya wenye kipimo kile kile, na usiitumie mashine hiyo kuzuia na kurudisha santuri. Umeme ukishuka nguvu wakati wa usiku, baadhi ya mashine za ukanda huweza kupungua kasi pamoja nao.

Fedha za korosho zinapoanza kuingia Oktoba na sherehe kuchangamka, huja tatizo la sakafu. Spika kubwa na mashine ya santuri zikiwa juu ya jukwaa moja la mbao, na watu mia wakirukaruka mbele yake, hakuna sindano itakayotulia. Weka mashine juu ya tofali au zege lililosimama peke yake, mbali na spika, na chini ya miguu yake laza mpira wa ndani wa baiskeli uliojazwa upepo nusu. Santuri iliyokuwa ikiruka kila dakika itatulia, na hapo utajua kuwa haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Limebaki jambo ambalo najua baadhi ya ma-DJ hawatalipenda. Santuri ya bendi ya Tanzania iliyofyatuliwa Nairobi nusu karne iliyopita haifai kukwaruzwa kwa mkono, hata ikiteleza vizuri namna gani. Kila unaporudisha santuri nyuma chini ya sindano, unaula mfereji mahali pamoja, mara kumi, mara ishirini, hadi sauti ya upepo itawale. Kwa santuri inayonunulika popote hiyo ni gharama ya kazi. Kwa ile ambayo huenda haina ya pili kati ya Ruvuma na Rufiji, ni kuifuta. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zipo santuri maalumu zisizo na wimbo, zenye alama tu zinazosomwa na kompyuta, na programu ya Serato iliyotoka 2004 imeufanya utaratibu huo kuwa wa kawaida. DJ anakwaruza santuri ya alama kwa vidole vyake, na kompyuta inatii kwa kutoa wimbo aliouhifadhi. Ufundi wa mkono unabaki, na santuri ya mjomba inapumzika.

Kwa hiyo, wewe uliye Masasi, Newala, Tandahimba au Nanyumbu, mwenye boksi lililokaa bila kufunguliwa: lifungue. Osha santuri moja baada ya nyingine kwa maji ya mvua. Andika kwenye daftari kilichoandikwa kwenye lebo, na pia namba zilizochongwa kwenye ule ukanda laini usio na wimbo kando ya lebo, kwa kuwa kwa namba hizo watafiti hutambua santuri hata lebo ikiwa imeliwa na mchwa. Ipige kila moja mara moja tu kwa sindano safi, ukiirekodi kwa waya kwenye kompyuta au simu, na uhifadhi nakala sehemu mbili. Ikikwama, hesabu sekunde kwanza. Na usimpe mtu santuri, wala kumwazima, kabla hujairekodi.